Ubao wa Dada Rangi

Dada Rangi alikuwa mchora mabango, na kama kuna mtu aliyewahi kumwona bila doa la rangi mahali fulani mwilini, mtu huyo bado hajajitokeza. Likitoka kwenye kucha lilihamia nyuma ya sikio. Kibanda chake kilibanana kati ya duka la vipuri na kinyozi, na humo ndani mlijaa makopo, brashi zilizolowekwa na mbao zilizoandikwa nusu. Ulimi wake ulikuwa na ncha. Mteja akilalamika kwamba herufi zimeinama, alimwomba kwanza asimame wima mwenyewe, ndipo atazame tena. Lakini hakuna aliyemnyima haki yake: bango la Dada Rangi lilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara, mvua inyeshe au jua liwake, na ni sifa hiyo hiyo iliyomwingiza kwenye mambo ya mbio za magari, ambayo hata hakuwa na haja nayo.

Mwenye gereji kubwa ya mtaa ule, ambaye kila mtu alimwita Bosi, alikuwa na timu ya magari mawili yaliyoshindana katika uwanja wa mbio nje ya mji. Timu nyingine ziliongea na madereva wao kwa redio. Bosi hakutaka hata kuisikia habari hiyo; alisema dereva anayeongeleshwa sikioni huendesha kama mtu anayegombana na mkewe kwenye simu. Timu yake iliendelea kutumia ubao, kama zamani. Ulikuwa ubao mweusi wenye misumari, na juu yake zilitundikwa tarakimu nyeupe za bati. Mtu alisimama nao ukingoni mwa njia, gari linapokuja anaunyanyua, na dereva anapata kufumba na kufumbua tu kuusoma. Safu ya juu ilisema mizunguko mingapi imebaki. Safu ya chini ilisema ziko sekunde ngapi kati yako na yule anayekunyima raha. Magari mawili ya timu yakifuatana kwa karibu, hakukuwa na nafasi ya kubadilisha tarakimu, kwa hiyo ubao ulikuwa mmoja kwa wote wawili: wa mbele aliisoma namba ile kujua anafukuzwa kwa umbali gani, wa nyuma aliisoma kujua amebakiza kiasi gani.

Kazi hiyo aliifanya fundi umeme, mpaka siku alipotundika sita kichwa chini miguu juu, dereva akasoma tisa, na Bosi akaivua kofia yake mwenyewe akaikanyaga. Ndipo mdogo wake Dada Rangi, aliyekuwa mmoja wa madereva wale wawili, akasema, dada yangu anaweza. Dada Rangi alikwenda akinung'unika. Akazipaka upya tarakimu zote, akazinenepesha, akajizoeza kuisoma saa ya kupimia bila kuutoa mkono kwenye ubao, na tangu hapo hakuwahi kukosea hata mara moja. Tena alianza kujisikia. Mitaani walimwita mchora mabango tu, lakini akiwa pale ukingoni, upepo wa magari ukimpiga usoni, alijua kwamba wanaume wawili wanaokimbia kama wendawazimu wanategemea neno lake.

Mdogo wake huyo walimwita Kiberiti, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Dada Rangi alimlea tangu mama yao alipofariki, yeye mwenyewe akiwa msichana ambaye bado alihitaji kulelewa. Kiberiti alianza useremala akauacha, akaanza kushona viatu akaviacha, na shule yenyewe ndiyo iliyomwacha yeye. Kuna miaka dada yake alikuwa akizunguka vijiweni jioni kumtafuta kama anayetafuta mbuzi. Kwenye gari tu ndiko alikotulia. Siku hizi aliamka mwenyewe, alifua ovaroli yake mwenyewe, na alizungumza habari za mwakani kama mtu mwenye mwakani. Dada yake alimtazama hivyo hivyo kimyakimya, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni, akiogopa hata kukohoa.

Dereva wa pili aliitwa Polepole. Siku za kazi aliendesha basi la shule, na watoto ndio waliombatiza, kwa sababu basi lake lilipitwa na baiskeli. Alikuwa amepevuka, ana mke na watoto, ana sauti ya chini, na Jumapili akishavaa kofia yake ngumu hakuna aliyemkamata. Watu waliomjua kwa basi hawakuamini. Yeye ndiye aliyemfundisha Kiberiti kila kona ya uwanja ule, mahali pa kukanyaga breki na mahali pa kujifanya huna breki. Kwa muda mrefu wawili hao walikuwa chanda na pete: walikula pamoja, walicheka pamoja, na mmoja akishinda mwenzake alimbeba mabegani.

Msimu ulipokaribia kwisha Bosi aliwaita wote gerejini akasema mambo yamekuwa magumu, mwakani atakimbiza gari moja tu. Pointi zao zilikuwa sawa. Kwa hiyo, atakayemaliza mbele ya mwenzake katika mbio za mwisho ndiye atakayechukua kombe na ndiye atakayebaki na gari. Yule mwingine, Bosi alimshukuru mapema.

Gereji ikageuka nyumba ya talaka. Kiberiti alifunika injini yake kwa shuka, kana kwamba injini inaona haya. Polepole, mtu mzima mwenye akili zake, alianza kulala na ufunguo wa kabati la matairi shingoni. Mafundi waligawanyika kushoto na kulia, jeki ikawekewa kufuli, na mtu wa upande huu akitaka spana ya upande ule alilazimika kumtuma mlinzi. Walikunywa chai kwa zamu ili wasikutane kwenye birika. Dada Rangi aliwachamba wote wawili hadharani, akawaambia hata wake wenza wana adabu kuliko wao. Lakini alipofika nyumbani, usiku ulikuwa mrefu, kwa sababu alijua fika Kiberiti akikosa gari lile atarudi wapi.

Kabla ya mbio za mwisho Polepole alimfuata kibandani. Alisimama mlangoni, akitazama bango la mtu mwingine likikauka. Akasema siku hizi anashuku kila kitu; anashuku mafuta, anashuku nati za matairi, hata chai anainusa kwanza.

"Ila ubao wako sitaushuku, dada," alimwambia. "Nimekuja tu kukuambia hivyo, ili usije ukaona vibaya kwa sababu ya mdogo wako."

Dada Rangi alimjibu kwamba ubao hauna ndugu. Na wakati anayasema hayo aliyasema kwa moyo mweupe, hilo tumpe.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali na lami ilinata kwenye viatu. Polepole alichukua uongozi mapema akawaacha wote, Kiberiti akiwa wa pili. Hao wengine tuwasahau, maana hata wenyewe walishajisahau. Lakini joto lile lilikuwa likiyala matairi. Dereva mwenye busara, akijua ana nafasi ya kutosha nyuma yake, alilegeza mwendo kidogo ili matairi yamfikishe. Akijua anafuatwa, alikaza na liwe liwalo. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kwenye ile safu ya chini. Vioo vya magari yale vilitikisika hivi kwamba dereva aliona nyuma yake ukungu mtupu, na Polepole alikuwa ameacha kuvitazama tangu zamani. Alitazama ubao.

Mizunguko ya mwisho ilipoanza, Polepole alipita, saa ikaanza kuhesabu, Kiberiti akapita. Sekunde tatu. Mzunguko uliotangulia zilikuwa nne. Dada Rangi alichukua tatu kwenye sanduku lake. Alikuwa nayo mkononi. Pale pale akamwona Kiberiti kama alivyokuwa zamani, amelala kitandani na viatu mchana kutwa, uso umeelekea ukutani, akiulizwa unaumwa anasema siumwi. Mkono wake ukairudisha tatu sandukuni ukachukua nane. Hakuna aliyemsukuma. Hakuna aliyemnong'oneza. Ni mkono wake, ule ule uliozinenepesha tarakimu zile ili zisikosewe.

Akaunyanyua ubao. Polepole akapita, akaisoma, akadhani kijana ameteleza kwenye kona fulani, na Dada Rangi akasikia kwa masikio yake mlio wa injini ukilegea kidogo kwenye kona ya kwanza. Mzunguko uliofuata akaiacha nane pale pale. Katika mzunguko wa mwisho, kwenye kona ya mwisho, Polepole akiwa anayatunza matairi yake kama mtu aliyeambiwa hakuna mgeni njiani, Kiberiti alichomoza upande wa ndani wa kona, akampita, akaupita mstari mbele.

Watu waliruka ukingo. Bosi alimkumbatia kila aliyekuwa karibu, pamoja na mtu wa timu nyingine. Kiberiti alipanda juu ya paa la gari, analia na kucheka, akimnyooshea dada yake kidole akiuambia umma kwamba yule pale ndiye mama yake. Dada Rangi alitabasamu kwa meno tu. Haraka haraka alikuwa ameshazivuruga tarakimu sandukuni.

Polepole alimjia akiwa ameishika kofia yake kwapani, jasho linamtiririka. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. Alimvuta pembeni, nyuma ya rundo la matairi, akaongea kwa sauti ya mtu anayeuliza habari ya ugonjwa wake mwenyewe.

"Dada, pale mwishoni ulinionyesha ngapi? Mimi niliona nane."

Dada Rangi alifungua mdomo, na kabla hajapata neno Polepole akajijibu mwenyewe.

"Ilikuwa tatu, siyo? Haiwezi kuwa nane. Yule kijana alikuwa mgongoni kwangu."

Hapo palikuwa na mlango, umefunguliwa wazi, na mwenye nyumba ndiye aliyeufungua. Hakutakiwa hata kutunga uongo. Alitakiwa kuitikia tu.

"Ilikuwa tatu, kaka," alisema.

Polepole alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu aliyesomewa majibu aliyoyatarajia. Akamwomba asimwambie mtu. Kisha akaenda akampa Kiberiti mkono, akambeba mabegani kama zamani, na wapiga picha wakafurahi.

Wiki zilizofuata Dada Rangi alifanya kazi kama punda. Alijiambia mbio ni mbio, kwamba mwanamume yule ana basi lake na mshahara wake na nyumba yenye watu, na kwamba Jumapili sasa atapumzika na watoto wake, kitu ambacho mkewe amekuwa akikililia. Alijiambia maneno mazuri sana. Kombe lilikaa juu ya kabati la vyombo, na Kiberiti alilifuta vumbi asubuhi na jioni.

Kisha shule aliyoiendeshea Polepole basi ilimwita aandike upya jina la shule kwenye ukuta wa mbele, kwa kuwa mvua ilikuwa imelifuta. Alifika na ngazi yake na makopo yake, akaliona basi limeegeshwa uani, na kando yake kijana asiyemjua anazungusha funguo kidoleni. Nyuma ya basi, suruali imekunjwa hadi magotini, Polepole alikuwa akisugua magurudumu kwa brashi.

Walisalimiana. Dada Rangi akauliza, kwa utani uliokuwa tayari umekufa mdomoni, kama siku hizi dereva anaosha mwenyewe. Polepole akacheka kidogo, akasema dereva ni yule pale. Yeye alikuwa amezirudisha funguo kwa mwalimu mkuu kwa hiari yake. Alisema mtu anayeonyeshwa tatu akaona nane, kitu kilichoandikwa na mkono wa Dada Rangi, hawezi kubeba watoto wa watu. Leo ni namba, kesho ni mtoto anavuka. Mwalimu mkuu alimsihi, lakini alikataa, na kwa kuwa ni mtu mwema walimpa kazi ya kuosha mabasi na kufagia ua.

"Hukwenda kwa daktari wa macho?" Dada Rangi aliuliza.

"Nilikwenda. Alinisomesha herufi ukutani, kubwa na ndogo, akasema macho yangu ni mazima kama ya kijana." Polepole alichovya brashi kwenye ndoo. "Lakini daktari hakuwepo uwanjani. Wewe ulikuwepo."

Akaendelea kusugua, akaeleza mambo mengine kwa namna ya mtu asiyetaka kuonewa huruma. Mkewe alikuwa amemfichia shajara za mbio na picha zake ili asijitese. Binti yake wa mwisho, yule mwenye mwanya, siku hizi alimshika mkono wakivuka barabara na kumwambia, subiri kwanza baba, kuna gari. Alilisimulia hilo akitabasamu. Dada Rangi alitaka aseme, na maneno yalimfika mpaka kwenye meno, yakarudi. Akapanda juu akaandika jina la shule. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, herufi zake zilitetemeka, na mwalimu mkuu alipopita chini alimsifu kwamba zimependeza.

Alirudi nyumbani jua bado lipo. Kiberiti alikuwa sebuleni, anang'arisha kombe kwa soksi. Dada yake aliketi mbele yake bila kunawa mikono, akamwambia yote: tatu, nane, nyuma ya matairi, basi, mtoto anayemvusha baba yake. Moyoni alikuwa na kitu kimoja alichokishikilia katika aibu yake, nacho ni kwamba uchafu ule ulikuwa wake peke yake. Mdogo wake alikuwa ameshinda kwa jasho lake, hajui kitu. Alijiandaa kumwona akishtuka, akimkasirikia, hata akimtukana. Angeyapokea matusi yake kwa mikono miwili.

Kiberiti hakushtuka. Aliendelea kulifuta kombe mahali pamoja.

"Niliuona, dada," alisema. "Nilikuwa nyuma yake, nimeliona gari lake hapo mbele, nimekaribia kulishika, halafu ubao unaniambia nane. Nikajua."

Dada Rangi alimtazama. Ubao mmoja kwa wote wawili. Ni yeye aliyeueleza utaratibu huo kwa kila mgeni aliyefika pale ukingoni. Ile siku haukumjia akilini, au labda ulimjia akaupisha.

"Ulijua, ukampa mkono? Ukakubali akubebe?"

"Nilidhani ndivyo ulivyotaka." Kiberiti alinyanyua macho, na yalikuwa macho ya mtoto aliyeficha kitu kwa sababu mkubwa wake amekificha. "Wewe hukosei. Nikasema basi, kama dada kaamua, mimi ni nani. Sasa usiende kusema. Ukisema, gari linaondoka. Yule mzee atazoea tu. Si wamempa kazi?"

Alimlea mwenyewe mtoto yule. Alimfundisha kunawa, kusalimia, kurudisha chenji ya watu. Na sasa alimsikia akisema atazoea tu, kwa sauti tulivu, na akaitambua sauti ile, maana ni maneno yale yale aliyokuwa akijiambia yeye wiki zote hizo huku akichanganya rangi. Alitamani sakafu ipasuke. Alinyanyuka akanawa mikono muda mrefu sana, mpaka mdogo wake akaja kufunga bomba.

Asubuhi alianzia gerejini, kwa sababu ndiko kulikokuwa rahisi. Alimwamkia Bosi, akakataa kiti, akasema alichokifanya. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa, kutangazwa, kuona kombe linarudishwa mbele ya watu. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaegemea nyuma akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema kumbe mama una akili hivyo na unajificha kwenye makopo ya rangi. Matokeo yameshaandikwa, hayafutiki, na Polepole alikuwa anazeeka hata hivyo. Gari litabaki kwa Kiberiti. Akamwomba mwakani awe naye ofisini, ampe ushauri. Dada Rangi alitoka pale anatembea haraka, akijifuta viganja kwenye gauni. Angetukanwa ingemfaa zaidi. Sifa ile ilimganda.

Shuleni Polepole alikuwa amemaliza upande mmoja wa basi na kuanza wa pili. Dada Rangi alisimama mbele yake na hakuzunguka. Alijua akizunguka atarudi na ngazi yake kama jana.

"Kaka, macho yako hayana kitu. Ilikuwa nane. Niliweka nane makusudi, ili mdogo wangu akupite."

Polepole aliinamisha kichwa kando kidogo, kama hakusikia vizuri. Brashi ilidondosha maji kwenye kiatu chake. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango wa basi, akazitazama nyumba za upande wa pili wa barabara, akaisoma kwa midomo tu namba ya kwenye geti la mbali, halafu ya geti linalofuata. Alizisoma zote. Machozi yalimjaa.

Dada Rangi akamwambia haraka haraka kwamba ametoka kwa Bosi, kwamba amesema, kwamba Bosi amekataa kubadilisha, lakini yuko tayari kwenda popote, kwa wasimamizi wa mbio, kwa mkewe, kwa yeyote. Polepole alimnyamazisha kwa kiganja.

"Ya ubao ningekuelewa," alisema. "Yule ni mdogo wako, umemlea, na gari lilikuwa moja. Hata mimi sijui ningefanya nini. Lakini nilikuja nikakuuliza, dada. Mbio zilikuwa zimekwisha. Nilikuja peke yangu, nikakuuliza."

Alikunjua suruali yake, mguu mmoja kisha wa pili, akajifuta mikono, akatembea kuelekea ofisi ya mwalimu mkuu. Hakwenda polepole. Dada Rangi alimwona kupitia dirishani, amesimama mbele ya meza, anaeleza, kisha mwalimu mkuu ananyanyuka na kumshika mabega.

Hakujua aende wapi. Kibandani mabango yalimsubiri, na nyumbani alikuwepo mdogo wake na kombe lake. Brashi ilikuwa chini na upande wa pili wa basi ulikuwa bado una matope, basi akainama akaiokota, akaanza kusugua. Aliosha kwa nguvu, maji yakimwingia mikononi mpaka kwenye viwiko, kana kwamba mtu akimwona ataelewa. Kengele ya mapumziko ililia. Watoto wakamwagika uani, na kundi dogo lililokuwa likimpita mbio likasimama ghafla mbele yake, kwa kuwa walimjua, ni yule mama aliyeandika jina la shule yao. Miongoni mwao alikuwemo binti mdogo mwenye mwanya.

"Shikamoo," alisema binti yule kwa heshima, amekunja mikono mbele.

Dada Rangi alifungua mdomo aitikie, na neno lile, analolisema kila siku bila hata kufikiri, halikutoka. Alibaki ameshika brashi, maji yanamdondoka. Mtoto akadhani hajamsikia, akasogea karibu, akamwamkia tena kwa sauti zaidi.